Kanuni Zilezile, Saa Tofauti

Mjadala wa kulinganisha mifumo ya kanuni katika michezo ya kompyuta ya kuigiza wahusika umezoea kwenda kwa madaraja: toleo la pili la kanuni za mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons huwekwa chini, la tatu katikati, la tano huvikwa taji tangu Baldur's Gate 3 ilipotoka mwaka 2023, na injini ya mchezo, yaani programu ya msingi inayochora mandhari, kuendesha wahusika na kuhesabu muda, hutajwa mwishoni kana kwamba ni ubao tu. Mtazamo huo ungelifaa bao, ambalo kanuni zake hubaki zilezile likichezwa kwenye ubao uliochongwa au kwenye mashimo yaliyochimbwa mchangani. Kwa mchezo wa kompyuta haufai, kwa sababu humo hakuna kanuni inayomfikia mchezaji kabla injini haijaamua itokee lini, kwa kasi gani, na kama mwenyewe ataulizwa lolote. Toleo hili la makala limekusanywa kwa nia ya kuuhamisha mjadala kutoka kwenye vitabu vya kanuni hadi kwenye saa ya mchezo, na msomaji asiyeafiki nia hiyo ameandaliwa makala moja au mbili za kumliwaza.

Injini ya Infinity, iliyobeba Baldur's Gate ya BioWare mwaka 1998, ilichukua kanuni za toleo la pili, zilizotungwa kwa watu wanaoketi mezani na kungojeana zamu, ikazitia katika muda unaokwenda mfululizo: kila mhusika hupewa duru yake ya sekunde sita, wote hutenda kwa pamoja, na mchezaji husimamisha mchezo anapotaka kutoa amri. Kanuni iliyolaumiwa kuliko zote katika toleo hilo ni THAC0, namba ambayo hutolewa kinga ya adui ili kujua dadu ya pande ishirini ianguke kwenye ngapi ndipo pigo lipate. Lawama kwamba hesabu hiyo ya kinyumenyume inachosha ilikuwa ya haki mezani. Kuirudia dhidi ya kompyuta, ambayo haichoki kutoa namba, ni uvivu wa uhakiki.

Ushahidi wenye uzito zaidi umo katika michezo miwili iliyofuatana kwa mwaka mmoja. Mwaka 2002 Black Isle iliipandikizia Infinity ileile kanuni za toleo la tatu na kutoa Icewind Dale II. Mwaka 2003 Troika ilitoa The Temple of Elemental Evil kwa marekebisho ya toleo hilohilo yanayojulikana kama 3.5, lakini kwa mapigano ya zamu. Toleo la tatu limejengwa juu ya nafasi anayosimama mpiganaji: yule ambaye adui anapita karibu naye ovyo ana haki ya shambulio la fursa, yaani pigo la papo hapo nje ya zamu yake, na anayetaka kujinasua hurudi nyuma hatua ya futi tano ili asipigwe. Katika mchezo wa Troika mambo hayo ndiyo uhai wa kila pambano. Katika Icewind Dale II shambulio la fursa halimo kabisa, kwa hiyo msingi mzima wa kanuni ulibaki kitabuni, ingawa jalada lilitangaza toleo jipya. Anayepima ubora wa toleo la tatu kwa mchezo huo anapima kitu ambacho hakikuwemo.

Itajibiwa kwamba Neverwinter Nights ya mwaka 2002, iliyotumia injini ya Aurora, ilibakiza shambulio la fursa bila kutumia zamu. Ni kweli, lakini pigo hilo hutokea lenyewe katikati ya msukosuko, na mchezaji huligundua likiwa limekwisha kumfika, hivyo tishio la kupimwa mapema likawa adhabu ya kushtukiza. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza pia sifa zinazorundikwa juu ya toleo la tano: kanuni yake ya mwitikio, inayompa kila mshiriki tendo moja la kujibu katika kila duru, inang'aa katika Baldur's Gate 3 kwa sababu mchezo wa zamu unaweza kusimama katikati ya zamu ya adui na kumuuliza mchezaji kama mchawi wake ainue ngao. Sehemu kubwa ya taji hilo ni haki ya saa.

Jaribio safi kuliko yote lilifanywa na Obsidian, ambayo mwaka 2019 iliuongezea Pillars of Eternity II: Deadfire, mchezo wa mwaka uliotangulia wenye kanuni zake wenyewe, namna ya kucheza kwa zamu. Injini haikubadilika, wala hadithi. Hata hivyo silaha nyepesi, ambazo thamani yake ilikuwa kupiga mara nyingi katika muda uleule, zilipoteza faida, na silaha nzito zikapanda cheo. Inashangaza kwamba tukio hilo halijaandikiwa kitabu.

Makala kuhusu Planescape: Torment ya mwaka 1999 inaupinga utangulizi huu kwa hoja nzito: injini ni Infinity, kanuni ni za toleo la pili, lakini hekima na akili za mhusika hutumika zaidi katika mazungumzo kuliko upanga vitani, hivyo si kanuni wala saa iliyoamua sura ya mchezo. Hoja hiyo imechapishwa bila kupunguzwa, ingawa mapigano ya mchezo huo, ambayo wachache huyasifu, yanaelekea kuthibitisha upande wa pili. Makala kuhusu Fallout ya mwaka 1997, iliyoanza kwa kanuni za GURPS kabla ya kuundiwa mfumo wa SPECIAL, inastahili kusomwa polepole. Ile ya Disco Elysium ni fupi na nzuri.

Waandishi wanaokusudia kuchangia toleo lijalo wanaombwa wataje, kwa kila mchezo wanaoujadili, kanuni zake, injini yake na jinsi unavyohesabu muda. Madaraja ya kanuni bora yasiyotaja jambo hilo la tatu yatarudishwa kwa wenyewe.