Usiache Mbachao

Kuna maneno yasemwayo mara nyingi juu ya kwaya za tromboni za mitaani, nami nataka kuyapinga mbele yako, msomaji. Husemwa ya kuwa kwaya ya namna hii, kwa kuwa wapigaji wake ni walimu, maseremala na wenye maduka wasiolipwa hata senti, haina budi kushika mambo mawili. La kwanza, katika tamasha ipige nyimbo za sinema na vipande mashuhuri vya okestra, ili watu wafurahi. La pili, isithubutu kurekodi kitu, maana mabingwa wamekwisha kurekodi vilivyo bora. Rai zote mbili ni potofu, na zikifuatwa zitaua kitu kisicho na badala.

Itazame kwanza ala yenyewe. Tromboni ya kawaida haina vitufe vya kubonyeza. Mpigaji husogeza mrija wake mbele na nyuma katika vituo saba, naye huitafuta sauti kwa sikio, kama mwimbaji aitafutavyo kwa koo. Tena ala hizi huundwa ndogo na kubwa, zikagawana sauti kama waimbaji: soprano, alto, tena na besi. Basi jina la kwaya hazikupewa kwa mapambo, zinaimba kwelikweli.

Na hazina yao si haba. Mwaka 1597 Giovanni Gabrieli wa Venice alichapisha kipande cha ala nane, na sita kati yake ni tromboni. Mwaka 1812 Beethoven, alipokuwa Linz katika Austria, aliombwa na mkuu wa muziki wa kanisa kuu la mji huo, akatunga vipande vitatu vya tromboni nne kwa ajili ya siku ya kuwakumbuka marehemu. Mwaka 1827 viwili kati ya hivyo vilisikika katika mazishi yake mwenyewe mjini Vienna. Mwaka 1847 Anton Bruckner naye alitunga viwili vya tromboni tatu. Vipande hivi vya Beethoven na Bruckner ni vifupi, vya polepole, havina mbwembwe. Watu wenye subira waweza kuvipiga vema hata kama si mabingwa. Je, si ajabu kuiacha mali hii sandukuni na kukimbilia wimbo ulioandikiwa okestra nzima? Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mpinzani wangu atajibu: "Watu hawatoki majumbani mwao usiku kwenda kusikiliza nyimbo za mazishi." Hoja hii ina uzito, wala siidharau. Lakini muziki uwafaao watu huwavuta hata pasipo tiketi. Huko Bethlehem, Pennsylvania, nchini Marekani, Wamoravian wamekuwa na tromboni zao tangu mwaka 1754. Zamani mtu alipofariki, wapigaji walipanda juu wakaupasha mji habari kwa nyimbo za kanisa, na mmoja wa nyimbo hizo ulibadilishwa kwa kadiri ya hali ya marehemu: mume, mjane, msichana au mtoto. Aliyekuwa kazini alisikia, akajua ni wa kundi gani aliyefariki. Alfajiri ya Pasaka tromboni hizo hizo ziliwaamsha watu kwa furaha. Wimbo wa sinema ungewezaje kazi hiyo?

Nasi wa Afrika Mashariki hatuko mbali na jambo hili. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na wamisionari wa Leipzig wakafika Kilimanjaro mwaka 1893. Na vikundi vya matarumbeta vya makanisa vinajulikana sana Tanzania mpaka leo.

Sisemi kwamba kuazima ni dhambi. Wimbo wa harusi wa kijiji, au wimbo wa wavunaji, ukipangwa kwa sauti nne na mmoja wa wanakwaya, si wa kuazima tena. Umekuwa mali ya nyumbani. Ubaya ni kuazima kwa kujisahau. Wimbo wa sinema ukipigwa na tromboni kumi hubaki kivuli, na msikilizaji huwaza tu jinsi ulivyo mzuri kwingine. Wafurahishwe wasikilizaji, lakini wasirudi kwao bila kusikia walau kitu kimoja ambacho hakuna ala nyingine iwezayo kuwapa.

Ama juu ya kurekodi, wapinzani wangu wamekosea zaidi. Rekodi za mabingwa zinauzwa na zitaendelea kuuzwa. Rekodi ya jirani yako haiuzwi popote. Isipofanywa leo, haitakuwako kesho. Mzee apigaye besi akifariki, huzikwa pamoja na namna yake ya kuvuta pumzi na kuumaliza wimbo. Makosa ya uvivu yasahihishwe kwa mazoezi. Lakini kwaya ikingoja mpaka iwe haina kosa lolote, itangoja mpaka imekufa. Tena kurekodi peke yake hakutoshi. Iandikwe siku, mahali, jina la wimbo, jina la aliyeupanga na majina ya wapigaji. Sauti isiyo na maandishi ni kama barua isiyo na jina: itasikilizwa na wajukuu, lakini hawatajua ni nani anayewasemesha.

Wewe uliye shuleni, huenda kuna kwaya au bendi mtaani kwenu. Nenda ukaisikilize. Waulize wazee ni wimbo gani ulio wao hasa, kisha waombe waupige, na kalamu yako iwe tayari. Wakikucheka kwamba wimbo huo ni wa zamani mno, waambie kwamba ndiyo sababu umeuomba.