Gesi ya Songo Songo na fundisho la Ubungo

Na Mwandishi Wetu

MZALISHAJI wa mafuta ghafi asiporidhika na bei ya mnunuzi mmoja, hutafuta mwingine ng’ambo ya bahari. Agosti 2019, Kenya ilisafirisha kupitia Mombasa shehena yake ya kwanza ya mafuta ya Turkana, yaliyoletwa bandarini kwa malori. Hakukuwa na bomba, lakini mnunuzi alipatikana: kampuni ya ChemChina ya China.

Mzalishaji wa gesi asilia hana uhuru huo. Gesi huenda pale bomba linapoishia, na la Songo Songo liliishia Ubungo.

Gesi hiyo iligunduliwa wilayani Kilwa mwaka 1974, lakini ilikaa ardhini miaka 30 kwa kukosa soko la uhakika. Soko lilipatikana mwaka 2004, baada ya kujengwa bomba la zaidi ya kilomita 230 na mitambo ya Songas, Ubungo, kuanza kuitumia kufua umeme.

Mauzo yaligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza, gesi iliyolindwa, lilitolewa kwa bei nafuu, sehemu kubwa kwa mitambo mitano ya Songas na kiwanda cha saruji cha Wazo. Fungu la pili, gesi ya ziada, liliuzwa na kampuni ya PanAfrican Energy kwa viwanda na kwa Tanesco kwa bei ya mapatano.

Utaratibu wa gesi iliyolindwa ulikoma Julai 2024. Oktoba mwaka huo, mkataba wa Songas na Tanesco nao ukamalizika na mitambo ikazimwa. Wakati huo Bwawa la Julius Nyerere, lililosanifiwa kuzalisha megawati 2,115, lilikwisha kuanza kuingiza umeme katika gridi. Muuzaji akapoteza mteja mkubwa, na hakuwa na meli ya kuipeleka gesi yake kwingine.

Hata hivyo, mnunuzi naye asijione mshindi. Maji hutegemea mvua. Mwaka 2006 mabwawa yalipokauka, nchi iliingia mkataba wa dharura wa Richmond, ambao mitambo yake iliwekwa hapo hapo Ubungo. Kashfa iliyofuata ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Anayenunua akiwa na shida hupangiwa bei.

Leseni ya Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25. Yeyote atakayekabidhiwa visima hivyo baada ya hapo, mkataba wake wa mauzo unapaswa kujibu maswali mawili kabla ya kutiwa saini: nani atainunua gesi mwaka wa mvua nyingi, na kwa bei gani mwaka wa ukame. Yasipojibiwa mapema, atakayelipa ni mwananchi anayenunua umeme wa luku.