"In" Hii Haikanushi Kitu, Jamani

Leo sizungumzii viza wala nauli ya likizo. Nazungumzia neno moja la Kimombo lililotaka kuniunguzia mtu hapa Blacktown.

Wengi mnajua kwamba mbali na uhandisi, wikiendi nabeba boksi kwenye ghala moja upande wa Arndell Park. Jumamosi moja jamaa akawa anaandaa mashine ya kukatia chuma, hatua chache tu kutoka kwenye madumu ya thina. Nikapiga kelele: "It's inflammable!" Kwa kuwa nilitaka kumwonya kweli kweli, nikakaza pale mwanzoni: IN. Jamaa akaninyooshea dole gumba, akainama kuwasha mashine. Kumbe amesikia haiwaki! Ilibidi nikimbie nichomoe waya.

Kwenye treni jioni nikalichambua. Neno lina silabi nne, in-flam-ma-ble, na mkazo uko kwenye ya pili, FLAM. Sisi tumezoea mkazo ukae silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha maneno machache kama baRAbara, yaani sawasawa, ambalo ukilikaza vibaya linageuka njia ya magari. Wenzetu wakikaza kiambishi cha mwanzo, mara nyingi wanapinga jambo: siyo "complete", ni "INcomplete". Ndivyo jamaa alivyonielewa.

Lakini lawama si zangu peke yangu. "In" ya "incomplete" inakanusha; ya "inflammable" haikanushi kitu. Imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwasha moto. Ukiitoa, maana inabaki ile ile! Kwetu ni inayowaka na isiyowaka, basi. "Si" inafanya kazi yake na kila irabu inasikika.

Hata wenye lugha waliiona hatari. Marekani, chama cha kuzuia moto cha NFPA kilianza kuhimiza "flammable" miaka ya 1920, na taasisi ya viwango ya Uingereza ikafuata mwaka 1959. Hapa Australia pia, alama nyekundu za vimiminika vya hatari zimeandikwa "FLAMMABLE".

Kuna wenzetu wanaosema kujifunza matamshi ni kuiga Wazungu. Lafudhi yangu ya Tanga na mimi siiachi. Ila mkazo si maringo, ni sehemu ya maana. Wengine tunaona haya kuuliza, hasa sisi wenye digrii mbili. Mimi nina miaka thelathini, na neno hilo nimeliandika kwenye ripoti kibao bila kumwuliza mtu linavyotamkwa.

Kwa hiyo naomba tusahihishane bila kuchekana. Na ukiwa kazini penye hatari, acha maneno makubwa. Sema "It burns!" Silabi mbili tu, na hakuna atakayekuelewa vibaya. Kuuliza si ujinga.