Ukurasa wa Jamaa: Moto wa Jioni Wakati wa Baridi



Mgeni asiyeijua nchi yetu hustaajabu akisikia kwamba Kongo ina majira ya baridi. Hudhani kwamba Kongo yote ni joto na mvua. Lakini sisi wa Katanga twajua vingine. Mji wa Lubumbashi umejengwa juu ya uwanda wa kimo cha mita 1.200 hivi kutoka usawa wa bahari, na uko mbali upande wa kusini wa ikweta. Mwezi wa tano mvua zimekwisha katika, na kipwa, yaani kiangazi, kimeingia. Mawingu hutoweka na upepo mkavu huvuma kutoka kusini-mashariki. Mchana jua huwaka vizuri. Usiku, kwa kuwa hakuna wingu la kuifunika nchi kama blanketi, joto la mchana hupanda juu na kupotea. Katika mwezi wa sita na wa saba kipimo cha joto hushuka mara nyingi chini ya digrii 10 kabla ya mapambazuko. Ndipo watoto hukataa kunawa uso, na wazee hutafuta moto.

Baridi hiyo haiji mikono mitupu. Inakuja baada ya mavuno. Mahindi yamekauka, karanga zimeng'olewa, viazi vitamu vinachimbwa. Nzige wa kazi za shamba wamepumzika kidogo, na masomo yanafungwa. Mwanafunzi aliyekuwa mbali amerudi kwa wazazi wake. Kwa hiyo katika mwaka mzima hakuna miezi inayofaa kuliko hii kwa kupika vema, kula pamoja na kuzungumza. Twataka leo kusema juu ya moto unaotukusanya jioni: namna ya kuutumia kwa furaha, na mahali usipopaswa kuingia kamwe.

Tuanze na chungu. Jamaa nyingi hudhani kwamba chakula cha heshima ni kile kinachonunuliwa dukani ndani ya kopo. Si kweli. Bukari ya mahindi mapya, maharage na sombe ni chakula cha kushibisha na cha kujenga mwili. Waganga wa siku hizi wanatufundisha kwamba unga wa mahindi peke yake una upungufu fulani, na kwamba maharage yanacho hasa kile ambacho mahindi yamekosa. Vyakula hivi viwili husaidiana kama mume na mke. Mtoto anayelishwa bukari tupu kila siku tumbo lake hujaa, lakini mwili wake hudhoofika.

Kuhusu sombe, yafaa mabinti wajifunze kwa mama zao, na wavulana vile vile. Mvulana asione haya kushika mchi. Chagueni majani machanga ya muhogo, yatieni katika maji ya moto kidogo, kisha yatwangeni vema katika kinu. Yachemsheni muda mrefu katika maji mengi, na chungu kiwe wazi, bila kifuniko. Msifanye haraka, kwani majani ya muhogo yana sumu, nayo huondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa. Majani yakiisha kulainika, ongezeni kitunguu, pilipili, mafuta ya mawese na ndagala wakavu waliooshwa. Mwisho tieni karanga zilizosagwa na chumvi, mkoroge polepole hata mchuzi uwe mzito. Chakula hiki hudai saa nyingi. Ndiyo maana ni chakula cha majira haya, wakati ambapo mikono ni mingi nyumbani na hakuna anayekimbilia masomo.

Maharage nayo yalale ndani ya maji usiku kucha. Asubuhi mwageni maji hayo, tieni mengine, mwache yachemke kwa nguvu. Yaliyolala majini huiva upesi, na makala hutumika kidogo. Twajua wote kwamba makala hutoka katika miti ya msitu, na kwamba msitu unaozunguka miji yetu unazidi kurudi nyuma. Mama anayeloweka maharage yake anailinda mifuko miwili: wa mumewe na wa nchi.

Chakula kimeiva. Ni nani atakila pamoja na nani? Hapa pana neno la kusema kwa akina baba. Katika vijiji vingi vya zamani wanaume walikula pamoja katika kibanda cha mazungumzo, na wavulana walikuwa nao. Walisikia mambo ya ukoo, hukumu za wazee na hadithi. Wanawake na mabinti nao walikula pamoja upande wao. Hakuna aliyekula peke yake. Mjini kibanda hicho hakipo tena. Lakini baba wengi wameshika nusu ya desturi na kuiacha nusu nyingine: wanajitenga na mke na watoto kama zamani, lakini wavulana hawako pamoja nao. Baba anakula sebuleni peke yake, macho yake katika simu. Au anakula katika baa na rafiki zake, akirudi wakati watoto wamelala. Mama anakula jikoni, amesimama. Kijana anachukua sahani yake chumbani. Jamaa ya watu wanane, na kila mmoja ni mgeni kwa mwenziwe.

Mtu atasema: "Mimi nafanya kazi kutwa, nahitaji kupumzika na wenzangu." Tunajibu: mema. Basi, waite wenzako nyumbani. Kipwa ni wakati wa kualikana. Mikeka itandikwe uani, mbabula iwekwe katikati, na jirani aje na wake na wana wake. Hakuna haja ya gharama kubwa. Karanga za kukaanga, viazi vitamu vilivyochomwa katika majivu, sahani ya vinkubala waliokaushwa tangu masika, na mtungi wa munkoyo, kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi: hayo yatosha. Wazee watege vitendawili na watoto wavitegue. Anayejua kasala ya ukoo wake aitamke, na mtoto ajue yeye ni wa nani. Wengine wacheze kisolo. Mchezo huo hufundisha hesabu kuliko madaftari mengi. Kisha, kabla ya kuagana, sala ya jioni isaliwe na wote, wenyeji na wageni.

Na sasa, wapenzi, jambo lililo zito kuliko yote tuliyokwisha sema. Wageni wameondoka. Makala katika mbabula yangali mekundu, hayatoi moshi tena. Baridi inazidi. Mama anawatazama watoto walio na blanketi moja, anawahurumia, anaiinua mbabula na kuiingiza chumbani. Anafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Wanalala. Asubuhi jirani anabisha hodi, wala hakuna anayeitikia.

Mambo haya hutokea hata leo. Na baada ya msiba maneno mabaya huanza. Mmoja hushitaki uchawi, mwingine hutaja sumu iliyotiwa chakulani, na shemeji hushitakiwa na shemeji. Hivyo jamaa iliyofiwa hufiwa mara ya pili, kwani amani yake nayo imekufa. Basi sikilizeni sababu ya kweli, mkaieleze kwa wengine.

Makala yanapowaka mahali penye hewa chache hutoa hewa mbaya iitwayo monoksidi ya kaboni. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haina ladha. Jicho haliioni na pua haiisikii. Damu yetu ina kitu chekundu ambacho kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Monoksidi ya kaboni hukishika kitu hicho kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anaendelea kuvuta pumzi, lakini damu yake haina tena nafasi ya kubeba oksijeni. Mtaalamu Mfaransa Claude Bernard alikwisha kuichunguza kazi hii ya hewa hiyo katika damu kabla ya mwaka 1860. Si jambo la Afrika peke yake. Mwandishi mashuhuri Émile Zola alikufa hivyo katika chumba chake cha kulala mjini Paris mwaka 1902, kwa sababu bomba la moshi la moto wake lilikuwa limeziba. Elimu na sifa hazikumkinga.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Wengi hudhani ni malaria. Lakini ikiwa watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa wote pamoja, nao wakitoka nje wanapata nafuu, msitafute mbali: ni moto. Aliyelala hana hata onyo hilo. Usingizi wake huzidi kuwa mzito tu. Watoto wadogo na mama wenye mimba wamo katika hatari kubwa zaidi, pamoja na mtoto aliye tumboni.

Yako maneno mengi yanayosemwa ili kuituliza roho. Wengine huweka bakuli la maji kando ya mbabula; maji hayazuii neno. Wengine hungoja makala yaishe moshi; lakini makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya kuliko yote. Wengine huacha dirisha wazi kidogo. Hilo halitoshi kuwa kinga. Wengine humnywesha mgonjwa maziwa. Maziwa hayaiondoi hewa ile katika damu. Sheria ya nyumba na iwe moja, fupi, ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza aweza kuishika: moto haulali na watu. Mbabula ibaki nje. Kabla ya kwenda kulala, mmoja katika jamaa, kila siku yule yule, ayazime makala kwa mchanga au maji na ahakikishe kwamba yamezimika. Mwanafunzi mkubwa wa nyumba apewe kazi hiyo kuwa yake.

Na ikiwa mmewakuta watu wamelegea katika chumba chenye mbabula, fungueni mlango na madirisha mara moja, watoeni nje kwenye hewa safi, kisha wapelekeni hospitali bila kukawia, hata wale wanaosema wamepona. Dawa yao ni oksijeni, nayo hutolewa na waganga. Mwokoaji asikae ndani. Naye ana mapafu.

Lakini baridi je? Twajua kwamba si kila nyumba ina blanketi za kutosha. Kwa hiyo fedha ya blanketi itengwe tangu wakati wa mvua, kidogo kidogo, kama itengwavyo fedha ya masomo. Watoto walale pamoja, wavae soksi na nguo mbili. Mwanya wa mlango uzibwe kwa kitambaa, maadamu hakuna moto ndani. Maji ya moto yatiwe katika chupa imara, ifungwe vizuri, izungushiwe nguo na kuwekwa miguuni pa mzee. Na walio na blanketi zaidi wasiziache sandukuni huku mjane wa jirani anatetemeka. Katika parokia zetu wako watu wa kumpelekea.

Tuliosoma Injili ya Yoane Mtakatifu twakumbuka kwamba inataja moto wa makala mara mbili, nayo katika lugha ya Kigiriki hutumia neno lile lile. Mara ya kwanza ni usiku wa baridi, uani pa kuhani mkuu: watumishi wamewasha moto, na Petro anaota pamoja nao, anamkana Bwana wake mara tatu. Mara ya pili ni asubuhi, pwani ya ziwa, baada ya Ufufuko. Kristu mwenyewe amewasha makala, ameweka samaki na mkate, anawaita rafiki zake waliochoka waje wale. Na baada ya kula anamwuliza Petro mara tatu juu ya upendo wake. Kando ya moto mmoja rafiki alipotea, kando ya mwingine akarudishwa. Hakumrudisha kwa hotuba. Kwanza alimpikia.

Basi, akina baba, katika wiki hii chagueni jioni moja. Rudini mapema, mkae uani pamoja na wake zenu na watoto, mle chungu kimoja, mwaite jirani hata yule mliyekosana naye. Nanyi wanafunzi, usomeni ukurasa huu kwa sauti mbele ya bibi na babu wasiojua kusoma, hasa ile sehemu ya mbabula. Kisha moto uzimwe nje, mlango ufungwe, na wote walale salama mikononi mwa Mungu.