Vifaa vya Askari ni Amana

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.). Ndugu Waislamu, tangu 1996 wilaya yetu ya Kasulu ina kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa kwa wakimbizi wa Kongo. Vita vya huko si habari ya mbali kwetu.

Mwaka 2013 brigedi ya Umoja wa Mataifa ya askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikiwa na helikopta za kivita, iliisaidia Kongo kuwashinda waasi wa M23. Lakini tarehe 7 Desemba 2017 kituo cha Semuliki kilivamiwa, na askari 15 wa Tanzania wakapoteza maisha. Uchunguzi wa Umoja huo ulibainisha kuwa hapakuwa na mpango madhubuti wa kuwaongezea nguvu wala kuwaokoa, na kwamba usafiri wa anga ulipungua.

Suratul-Anfal, aya ya 60, inaamrisha kuandaa nguvu. Basi anayempeleka mtoto wa mwenzake vitani bila gari la deraya la kumkinga wala helikopta ya kumfikia, amevunja amana.

Hata hivyo, aya ya 61 inaamrisha kuielekea amani adui anapoielekea. Ahadi zilizotiwa saini Nairobi Desemba 2013 hazikutimizwa zote. M23 wakarudi, na Januari 2025 wakaiteka Goma. Helikopta humwondoa mwasi mlimani, haiondoi ugomvi.

Wenye mamlaka watimize yote mawili. Nasi tuwatunze wajane na mayatima wa askari, tumtendee wema mkimbizi.

Wabillahi tawfiq.