DJ, chapia utakavyo ila usiue stori
Kwenye vibanda umiza vya Bariadi, ubishi wa mashabiki wa anime hauishi: DJ katafsiri au kajitungia? Asionewe bure. Hata Wajapani hujitungia. Fullmetal Alchemist ya 2003 ilitoka manga yake ikiwa bado inachorwa, ikabidi imalizie kivyake. Mwaka 2009 ikaja Brotherhood, hiyo ikafuata kitabu. Lakini zote mbili zilibaki na tukio lile zito: baba anamuunganisha bintiye na mbwa wawe kiumbe kimoja. Hapo DJ akichomekea utani wa Kisukuma ili watu wacheke, stori kaiua, na dogo asiyejua Kiingereza hana pengine pa kuipata. Chumvi ongeza, ila msiba uache uwe msiba. Wadau mnasemaje?