Twendeni Makumbusho na Watoto Wetu



Watu wengi hudhani makumbusho ni mahali pa wanafunzi na watalii. Mimi sikubali. Makumbusho ya vita ni mahali pa familia nzima: baba, mama, bibi na watoto. Vita haiwapigi askari peke yao. Huwapiga watu wote wa nyumba.

Tazama Vita ya Majimaji. Mwaka 1905 wananchi wa kusini waliinuka kuwapinga Wajerumani. Walichoshwa na kodi na kulazimishwa kulima pamba. Tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga wapiganaji zaidi ya 60 mjini Songea. Walizikwa katika kaburi moja. Leo mahali hapo pana Makumbusho ya Majimaji.

Lakini njaa iliua watu wengi kuliko risasi na kamba. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula. Wataalamu wa historia wanakadiria kuwa walikufa watu kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa.

Mtoto akitazama mikuki na ngao tu, atadhani vita ni mchezo wa mashujaa. Mama na bibi wanaijua kazi ya kulisha nyumba. Wao wamwulize: "Ghala letu likichomwa leo, tutakula nini mpaka mavuno?" Hapo ataelewa.

Wengine husema watoto wataogopa. Ni kweli, mtoto mdogo asielezwe yote. Lakini watoto hao hao hucheza vita kwa bunduki za miti. Heri waujue ukweli wakiwa na wazazi wao.

Songea ni mbali na nauli ni kubwa. Basi anzeni na pa karibu. Mjini Arusha kuna boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900. Sasa ni makumbusho. Mkiuza mavuno, wekeni akiba kidogo ya safari hiyo. Mkifika, wewe mzazi uwasomee watoto maandishi kwa sauti. Kisomo chako kitakuwa na faida kwa nyumba nzima.

Na kabla ya safari, waulizeni wazee. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vita ikaendelea hadi 1979. Kama kijijini kwenu yuko mzee aliyepigana vita hiyo, nendeni mkamsikilize. Mke wake naye aulizwe: alilima na nani? Aliwalisha watoto namna gani mumewe alipokuwa vitani? Majibu ya mama huyo hayamo katika kabati la makumbusho. Wazee hao hawatakuwa nasi siku zote.

Wewe sasa unajua kuandika. Chukua daftari, uyaandike.

Jadilianeni darasani:
1. Ni nani kijijini kwetu anayekumbuka vita?
2. Tumwulize nini kwanza?